Somo: Kupima iwapo moduli ya programu inafaa kutumiwa tena

Assalaamu alaykum. Nimeliandika somo hili ili nipate pa kumwelekeza kila anayeniuliza, karibu kwa maneno yale yale, iwapo moduli (kipande cha programu kinachofanya kazi moja maalumu) aliyoikuta kwenye mradi mwingine itamfaa kwenye mradi wake.

Hatua ya 1. Andika mahitaji yako kabla ya kuitazama moduli yenyewe, la sivyo utayapunguza mahitaji ili yalingane nayo.

Hatua ya 2. Soma leseni. Leseni za MIT na Apache 2.0 zinaruhusu kuitumia hata katika programu ya kuuza, mradi uhifadhi taarifa za hakimiliki. Leseni ya GPL inakulazimisha kutoa msimbo wako (maandishi ya programu) kwa masharti yale yale unapowasambazia wengine programu hiyo.

Hatua ya 3. Hesabu moduli nyingine inazozitegemea, na zile ambazo hizo nazo zinazitegemea. Machi 2016 left-pad, moduli ya mistari 11 tu, iliondolewa na mwandishi wake kwenye npm, hifadhi ya mtandaoni ya moduli za lugha ya JavaScript, na miradi mingi isiyojua hata kuwa inaitegemea ikashindwa kujengwa.

Hatua ya 4. Tafuta dhana zilizojificha. Hapa ndipo wengi wanapopita mbio. Moduli hukufaa pale mambo ambayo mwandishi wake aliyachukulia kuwa kweli yanapokuwa kweli kwako pia, na mengi ya mambo hayo hakuyaandika popote. Roketi ya Ariane 5 iliangamia tarehe 4 Juni 1996, kiasi cha sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu programu ya uongozaji iliyochukuliwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 iliyohusu kasi ya mlalo kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufika kiwango hicho. Ariane 5, yenye kasi kubwa zaidi ya mlalo, ilikivuka. Kwetu mambo ni madogo zaidi, lakini sababu ni ile ile: moduli ya ankara iliyoandikwa Dar es Salaam yaweza kuwa na asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani ya Bara katikati ya hesabu, ilhali Zanzibar ina sheria yake ya kodi hiyo, na moduli ya tiketi iliyotoka Ulaya hudai jina la kwanza na la ukoo, wakati abiria anayepanda boti Malindi kwenda Mkoani ana jina lake, la baba na la babu.

Tahadhari: usiridhike na majaribio yaliyokuja na moduli, kwani aliyeyaandika alikuwa na dhana zile zile. Ilishe data yako mwenyewe, hasa ile korofi.

Hatua ya 5. Kadiria marekebisho; ikiwa ni lazima uubadilishe msimbo wa ndani, mimi huona bora kuandika upya.

MASUALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanakwerekwe: Hakuna programu ya kunipa alama moja tu, nimalize?

Jibu: Zipo zinazohesabu njia ambazo programu yaweza kupitia ndani ya msimbo, kwa kipimo alichokitunga McCabe mwaka 1976. Hazijui sheria ya kodi ya Zanzibar. Rudi hatua ya 4.

Mwanachama, Wete: Maalim, moduli ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, tuihesabu kuwa imekufa?

Jibu: Suali zuri sana, ndugu yangu. Moduli ya kupanga orodha yaweza kuwa imekamilika tu. Tazama kama taarifa za usalama zinajibiwa na kama inakubaliana na toleo la sasa la lugha unayotumia. Kinyume chake, Log4j, moduli ya lugha ya Java ya kuweka kumbukumbu za matukio ya programu, ilikuwa ikihudumiwa na kutumiwa kila mahali, na bado Desemba 2021 ilikutwa na udhaifu uliomwezesha mtu wa mbali kuendesha msimbo wake kwenye seva.

Mwanachama, Mwanakwerekwe: Hatua zote hizi ni kupoteza wakati.

Jibu: Basi andika mwenyewe, hukukatazwa.

Mwanachama, Chake Chake: Na moduli za tarehe za Hijria je? Nataka kuonesha sikukuu kwenye mfumo wa skuli.

Jibu: Zitumie, ila nyingi hukokotoa kwa hesabu, na Idi hapa hungojea mwezi uandame, kwa hivyo zaweza kupishana kwa siku. Weka sehemu ambapo mwalimu mkuu ataisahihisha tarehe kwa mkono, na uiite moduli kupitia faili moja tu, ili ukitaka kuibadilisha usiuguse mfumo mzima.