Jinsi ya kuchapa upya michoro ya kale ya ndege kwa ajili ya ukutani

Utazame kwa kioo cha kukuzia mchoro wa ndege uliochapwa miaka 200 iliyopita. Utaona kazi za mikono miwili. Wa kwanza ulichonga mistari myembamba kwenye bamba la shaba. Wa pili ulipaka rangi ya maji kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine. Hapa rangi imevuka mstari kidogo, pale imekauka ikaacha ukingo mzito. Nakala yako ikikosa mstari huo na alama hizo za brashi, umechapa picha ya ndege basi. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini nakuomba usiifanye picha ionekane mpya.

Hatua ya 1: Tafuta skani yenye hadhi

Michoro ya wachoraji wa kale kama hawa nitakaowataja haina tena hakimiliki, lakini maktaba iliyoipiga picha inaweza kuwa na masharti yake, hasa ukitaka kuuza. Yasome kwanza. Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya viumbe hai, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa ndege wakubwa mtafute John James Audubon, ambaye michoro yake 435 ilitoka kati ya 1827 na 1838, mingi ikichongwa na Robert Havell wa London. Audubon alimchora kila ndege kwa ukubwa wake halisi, na ndiyo sababu heroe wake ameinamisha shingo: asingeenea kwenye karatasi. Kwa fremu ndogo napenda zaidi kazi ya Mfaransa François-Nicolas Martinet. Ndege wake wametulia, na hawaelemei chumba.

Usipakue nakala moja tu. Wapaka rangi walifuata karatasi ya mfano, lakini mikono ilikuwa mingi, na karatasi zenyewe zimezeeka kila moja kivyake. Kasuku yuleyule anaweza kuwa na kijani kibichi katika maktaba moja na kijani cha majani makavu katika nyingine. Linganisha mbili au tatu, kisha uchague moja iwe kipimo chako cha rangi.

Angalia pia kama mchoro ni wa shaba kweli. Michoro ya John Gould, kwa mfano, ilichapwa kwa jiwe, na mstari wake ni laini kama wa chaki. Ukiukazia ufanane na wa shaba utauharibu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pikseli

Kwa picha itakayotazamwa kwa karibu, weka pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 30 kwa 40 inahitaji takriban pikseli 3,540 kwa 4,720. Ikiwa kubwa na itatazamwa kwa mbali, 200 zinatosha. Faili likiwa dogo, punguza ukubwa wa picha. Programu ya kukuza picha hubuni mistari ambayo mchongaji hakuichonga, na kwenye manyoya ya shingo jambo hilo huonekana mara moja.

Hatua ya 3: Safisha, lakini kwa kiasi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Katika programu ya kuhariri picha, fanya kazi kwenye tabaka (layer) la juu, la asili ulihifadhi. Ondoa kivuli cha mkunjo wa kitabu, mhuri wa maktaba, na madoa ya kahawia yaliyomwangukia ndege. Madoa madogo ya pembeni yaache. Acha pia alama ya bamba, ule mstari uliobonyea kuuzunguka mchoro, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba karatasi iligandamizwa kwenye shaba.

Ukiona weusi wa ajabu kifuani pa ndege mweupe, usidhani ni kivuli. Rangi nyeupe ya risasi hugeuka nyeusi ikikutana na hewa yenye salfa. Ing'arishe polepole kwa brashi ya programu yenye nguvu kidogo, ukifuata uelekeo wa manyoya.

Sasa karatasi. Utatamani kuifanya nyeupe kabisa. Mimi nilifanya hivyo kwa mchoro wa yangeyange, na nilipouchapa ndege alikuwa hana mgongo. Manyoya yake yalikuwa karatasi tupu yenye mistari ya kijivu iliyofifia, na nilipoing'arisha karatasi niliifuta mistari pamoja nayo. Tangu hapo napima rangi ya karatasi sehemu tatu, juu, katikati na chini, nazisawazisha zifanane, na weupe naongeza kidogo sana.

Hatua ya 4: Chagua karatasi na ufanye jaribio

Tumia karatasi ya pamba isiyo na asidi, isiyong'aa, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na printa yenye wino wa pigmenti. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Weupe wote wa picha unatoka kwenye karatasi. Kwa hiyo usichape picha yenye mandharinyuma ya manjano juu ya karatasi ya rangi ya krimu. Umanjano utajirudia na ndege ataonekana mchafu. Chagua kimoja: karatasi nyeupe na umanjano uchapwe mpaka ukingoni, au karatasi ya krimu na mandharinyuma uliyoyaondoa kwenye faili.

Kabla ya picha nzima, chapa ukanda mwembamba unaopita jichoni, bawani na kwenye karatasi tupu. Utazame kwa mwanga wa mchana dirishani. Skrini huangaza, karatasi haiangazi, hivyo mara nyingi utalazimika kuongeza mwanga kidogo kwenye faili. Jicho ndilo nalolikagua mwisho: kile kitone cheupe kikipotea, ndege anakufa.

Hatua ya 5: Kausha na uweke kwenye fremu

Iache picha siku nzima ikauke. Kati yake na kioo weka kadi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, ili wino usigande kwenye kioo. Ishikize kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Ukiigandisha pande zote itajikunja unyevu ukibadilika. Acha alama ya bamba ionekane ndani ya dirisha la kadi. Usiitundike panapopigwa na jua moja kwa moja.

Mwisho, geuza picha kabla ya kuifunga na uandike nyuma kwa penseli: jina la mchoraji, mwaka wa mchoro wa asili, maktaba ulikoupata, neno "nakala", na mwaka ulioichapa.