Panya wa Kwenye Nepia, Kupe wa Mbwa, na Homa Isiyo Malaria

Mfugaji wa Uthiru au Dagoretti, pembezoni mwa Nairobi, ukimtajia kupe, atakujibu ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Ana haki. Ndigana humwangusha ng'ombe wa gredi kwa siku chache tu, na chanjo yake ilibuniwa hapa jirani, Muguga, miaka ya 1970. Lakini ndigana haimshiki binadamu, na nadhani ndiyo sababu tumezoea kuhesabu kupe kuwa shida ya ng'ombe peke yake. Mkata nyasi akipata homa, hakuna anayemuuliza kama aliumwa na kupe.

Wako kupe wanaobeba bakteria wa kundi la riketsia, na bakteria hao humwambukiza mtu homa. Mojawapo ya homa hizo madaktari wameiita kwa jina la nchi yetu tangu zamani, homa ya kupe ya Kenya, na bakteria wake ni Rickettsia conorii. Chanjo ya ndigana haiwagusi bakteria hawa hata kidogo.

Panya anaingilia wapi? Kupe mkubwa unayemwona kwenye sikio la mbwa hakuanzia maisha pale. Kupe jike akishiba damu huanguka chini, hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Watoto wake wenye miguu sita, wadogo kama chembe za mchanga, hupanda kwenye majani na kusubiri. Kwa aina kadhaa za kupe wanaomsumbua mbwa, watoto hawa hunyonya kwanza panya wa nyasini, huanguka, hujivua ngozi, hurudi tena kwa panya, na wakishakomaa ndipo humtafuta mbwa. Panya wakijaa kichakani, kupe wachanga wana mlezi. Tena kupe jike huweza kuwarithisha watoto wake riketsia kupitia mayai, kwa hivyo hata kupe ambaye hajaonja damu si wa kudharauliwa.

Ng'ombe wako anakula bandani mwaka mzima, kupe wanamfikiaje? Wanaletwa na nyasi zilizokatwa kando ya barabara, ya reli au ya mto, zikapakiwa mkokoteni. Na wanaletwa na mbwa, anayezurura kichakani usiku na kulala mlangoni asubuhi, watoto wakimpapasa.

Mimi ningeanza na mbwa huyo. Mkague masikioni, shingoni na katikati ya vidole kila wiki, na umtie dawa ya kupe iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, kwa kipimo cha lebo. Masalio ya dawa ya kunyunyizia ng'ombe usimmwagie kwa kukisia, muulize daktari wa mifugo. Ng'ombe naye anyunyiziwe hadi ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na kwatoni, kisha uzingatie siku za kutouza maziwa kama lebo inavyosema.

Halafu fyeka. Acha ukanda mtupu wa hatua mbili au tatu kati ya nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, na banda, na kati ya banda na nyumba, kwa maana kupe mchanga hukauka na kufa mahali penye jua na pasipo majani. Chakula cha ng'ombe na cha kuku kiwekwe kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko, na magunia yainuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Tundu linalopitisha kalamu linampitisha panya mdogo, kwa hivyo ziba kwa saruji au wavu wa chuma. Kuku hudonoa kupe, jambo jema, lakini pumba unazowamwagia zikilala hapo usiku umewaandalia panya karamu.

Sumu ya mazao isichanganywe na chakula kuwategea panya. Inaua mbwa, inaua na bundi. Najua bundi akilia juu ya paa wengi huingiwa na hofu na kumfukuza, lakini usiku kucha anakula panya, nami naomba aachwe. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, kwa maana viroboto na kupe huuhama mwili ukipoa. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, kisha umfukie.

Anayekata nyasi avae gambuti, na suruali aichomeke ndani. Jioni ajikague kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe akipatikana, usimpake mafuta taa wala usimchome kwa kiberiti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumsokota, kisha osha kwa sabuni au spiriti. Akitolewa mapema, nafasi yake ya kuambukiza hupungua.

Homa huja siku kadhaa baadaye, pamoja na kuumwa kichwa na misuli, mitoki, pengine vipele. Alama ya kutafuta ni kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale kupe aliponyonya, mara nyingi hakiumi na mgonjwa hana habari nacho. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, usiridhike na vidonge vya maumivu. Mwambie mhudumu wa kliniki wazi kwamba unafuga, unakata nyasi, na umeumwa na kupe. Amoksilini haiwaui riketsia. Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini, na mjamzito au mtoto aamuliwe na daktari.

Kijana wa kazi akilala chumba cha udongo kando ya ghala, sakafu na kuta zisiribwe nyufa zote. Humo hujificha papasi, kupe laini anayeuma usiku na kurudi ufani, na homa yake hupoa siku chache kisha hurudi.

Na ukiwa na paka wa kukamatia panya, angalia jambo moja: dawa nyingi za kupe za mbwa zina permethrini, ambayo humuua paka. Siku mbwa anapotiwa dawa, watenganishe mpaka manyoya yakauke kabisa.