Meza ya jikoni: namna ya kuanzisha duara la wanawake na kulifanya lidumu

Mwaka 1974, mjini Boston, Marekani, wanawake Weusi walianza kukutana kwa jina la Combahee River Collective. Combahee ni mto wa jimbo la South Carolina, ambako Juni 1863 Harriet Tubman, mwanamke Mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani, aliongoza uvamizi uliowakomboa watumwa zaidi ya 700. Tamko la wanawake hao la 1977 linasema kwamba ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa tabaka humwangukia mwanamke Mweusi kwa mkupuo mmoja, na kwamba ndani ya kundi lao madaraka yasirundikwe kwa wachache. Mwaka 1980 mmoja wao, Barbara Smith, kwa kuchochewa na mshairi Audre Lorde, alishiriki kuanzisha shirika la uchapishaji lililoitwa Kitchen Table, yaani meza ya jikoni, kwa kuwa jikoni ndiko wanawake hufanyia kazi na ndiko hupeana habari. Basi tuanzie jikoni.

Tafuteni watu watano hadi saba. Wakiwa watatu, mmoja akiuguliwa kikao kimekufa. Wakizidi wanane, wawili watatu watakaa kimya mpaka mwisho. Msichague marafiki wa aina moja tu: duara la wahitimu wa chuo peke yao litaongelea mishahara na kumsahau dada anayelea watoto wao wakiwa kazini. Huyo dada akiwa mwanachama, kikao kisifanyike nyumbani kwa mwajiri wake, na saa zake za kikao zisikatwe kwenye siku yake ya mapumziko.

Kutaneni mara mbili kwa mwezi, Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ili anayepanda daladala au matatu afike kwake kabla ya giza. Wekeni kopo la nauli, kila mtu atie alicho nacho bila kuhesabiwa. Mwisho wa kikao, kila mmoja apewe nauli yake mlangoni, hata mwenye gari. Mkisubiri mwenye shida aombe, hataomba, na kikao kijacho hamtamwona.

Sasa chakula. Kosa la kwanza la karibu kila kundi ni kumwachia mwenyeji apike. Mnakaa sebuleni kuzungumzia mzigo wa kazi za nyumbani huku mmoja yuko jikoni anaubeba! Pikeni pamoja, na chapati zinafaa kuliko vyote kwa sababu unga wenyewe unawapangia ratiba. Kilo moja ya ngano hutoa chapati 10 hadi 12, zinazotosha watu sita. Kandeni kwa maji ya vuguvugu, chumvi kijiko kimoja cha chai na mafuta vijiko vitatu vya kulia, kwa dakika 15, kisha funikeni unga upumzike nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo ya mzunguko wa kwanza wa mazungumzo. Kateni madonge, sukumeni, pakeni mafuta, viringisheni, yaacheni tena dakika 15: mzunguko wa pili. Wakati wa kuchoma gawaneni, mmoja asukume, mmoja achome, mmoja apange sahani, na mbadilishane kila chapati nne. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Katika mzunguko wa kwanza kila mtu ana dakika nne hadi tano, na katika wa pili dakika mbili, na hakatizwi. Kabla hajaanza aulizwe: unataka ushauri, au masikio tu? Swali hilo ni fupi ila lina kazi kubwa, maana wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba upendo ni kumpa mtu jibu haraka. Heshima ya umri ibaki, Mama aitwe Mama na Bibi aitwe Bibi, lakini anayeanza kusema awe mdogo kuliko wote. Mkubwa akishatoa kauli, wadogo hutikisa kichwa tu, na hamtajua walichotaka kusema.

Kazi ya nyumbani ya mwezi wa kwanza ni daftari. Kila mmoja achore safu nne: kazi, aliyeifanya, dakika, na aliyeikumbuka. Aandike kwa siku 14, kila jioni kabla ya kulala, kwa sababu ukiacha siku tatu zipite utaandika makadirio, na makadirio humpendelea aliyefanya kidogo. Safu ya nne ndiyo roho ya daftari. Baba anaweza kwenda kununua gesi kwa dakika 20. Aliyejua kwamba mtungi unaisha, akahesabu siku zilizobaki na kutenga hela ni mwingine, na kazi hiyo haionekani popote. Siku 14 zikiisha, chagueni kazi moja na kuikabidhi nzima, kuanzia kuikumbuka mpaka kuimaliza. Msitumie neno “kusaidia”. Anayesaidia hana kosa kazi isipofanyika. Kisha kwa wiki tatu usisahihishe. Sare ya shule itapigwa pasi vibaya, na mtoto ataivaa hivyohivyo. Ingilia penye hatari tu, kama moto au dawa.

Kuna nyumba ambazo daftari hili halifai kuonekana. Panapo vitisho au kipigo, liandikwe na kutunzwa kwa mwenzako, wala asikabiliwe mtu nyumbani. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Kenya namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure. Kila mwanachama ajue mambo hayo kabla ya siku ya kuyahitaji, na mkubaliane neno moja la kawaida la kutuma kwa simu ambalo maana yake ni “njooni”.

Mwezi wa pili tengenezeni kijarida. Kitchen Table walichapa vijitabu vyembamba pamoja na vitabu, na ninyi mnaweza kuanza na karatasi moja ya A4. Ikunjeni mpaka mpate vyumba vinane, vinne kwa safu mbili, kisha mwifungue na kuilaza. Safu ya chini, kutoka kushoto, andikeni kurasa za 8, 1, 2, 3. Safu ya juu, kutoka kushoto, ni 7, 6, 5, 4, na hizi ziandikwe kichwa chini. Kunjeni karatasi katikati, ncha fupi zikutane, kisha kateni kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo, mkifuata mstari wa katikati, mpaka mstari unaofuata tu. Ifungueni, ikunjeni kwa urefu maandishi yakiwa nje, shikeni ncha mbili na kuzisukuma ndani: pale mlipokata patafunguka na kijitabu kitajikunja chenyewe, kila ukurasa kama milimita 74 kwa 105. Acheni ukingo wa milimita 8, kwa sababu mashine nyingi za fotokopi hula pembezoni. Tumieni kalamu nyeusi ya wino. Penseli na wino wa bluu hufifia. Na jaribuni kukunja nakala moja kabla hamjalipia 30. Nakala nyingi huharibika kwa ukurasa mmoja uliogeuzwa.

Mkikosa cha kuandika, anzeni na jina la kanga. Kila mtu atunge mstari wa mizani nane kwa nane, kwa mfano: KUPIKA NIMEFUNDISHWA, KUNYAMAZA SIJAFUNZWA. Sharti ni moja. Mafumbo mengi ya kanga humpiga jirani au mke mwenza, mwanamke kwa mwanamke. La kwenu limlenge mwenye nguvu kuliko ninyi. Ni vigumu kuliko inavyodhaniwa.

Habari ya mtu isichapwe kabla hajasomewa maneno ya mwisho, yale yatakayotoka, na akaridhia. Majina ni vivyo hivyo: ulizeni mmoja mmoja, faraghani. Mmoja atataka jina lake liandikwe kwa herufi kubwa kwa kuwa kazi zake zimeibwa miaka mingi, na mwingine likionekana atafukuzwa nyumba.

Kupumzika nako kunaandikwa daftarini, kwa dakika, kama kazi nyingine. Mwenye sufuri kwa siku tano mfululizo apelekewe chakula cha jioni moja na wenzake.

Maduara mengi hufa baada ya miezi michache, na mara nyingi chanzo ni kwamba mtu mmoja ndiye anayeitisha, anayeandika na anayekumbusha. Zungusheni kazi tatu kila kikao: mwenyeji, mwandishi, mtunza muda. Kopo la nauli libadilishe mshikaji kila miezi mitatu, na lihesabiwe na watu wawili. Upatu msiuchanganye na duara hili hata mkishawishika. Aliyechelewa kutoa mchango wa upatu huona aibu, na kwa aibu hiyo hukaa nyumbani wiki ileile anayowahitaji. Wenye kutaka upatu waufanye siku nyingine, kwa daftari lingine.