Namna ya kufundisha mageuko ya viumbe katika darasa lenye dini zaidi ya moja

Mwalimu wa Biolojia katika shule ya serikali jijini Dar es Salaam hufundisha mageuko mbele ya wanafunzi wa madrasa na wa kwaya walioketi dawati moja, na kila kundi lina wazazi watakaouliza jioni ni nini kilichofundishwa. Kabla ya kuingia darasani, soma Katiba: ibara ya 3 inatamka kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu. Kwa maoni yangu, hilo linakunyima ruhusa mbili kwa pamoja, yaani kuiruka mada kwa sababu imani yako haiikubali, na kuitumia mada hiyo kumkejeli mwanafunzi anayesali.

Anza na malaria, si na nyani. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza nchini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimekuwa sugu; ikafuata SP (dawa ya sulfadoxine na pyrimethamine), na mwaka 2006 ikachaguliwa dawa mseto. Waulize wanafunzi: ikiwa vimelea vichache vimerithi uwezo wa kustahimili dawa, na dawa ikaua vingine vyote, ni vipi vitakavyozaana? Waache wabishane mpaka wafikie jibu wenyewe, kwa maana hapo watakuwa wameeleza uteuzi asilia hata kabla ya kutajwa Darwin, mwanasayansi aliyeueleza.

Kisha zungumzia fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959 na ambalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa hapa jijini. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Eleza wazi kwamba wanasayansi hawalihesabu kuwa la babu yetu wa moja kwa moja bali la tawi lililotoweka, na kwamba binadamu hakutokana na sokwe wa leo, bali wote wawili walitokana na viumbe wa kale waliokuwa asili yao ya pamoja.

Swali la Adamu na Hawa litakuja. Usiwaulize wanafunzi wanaamini nini, wala usipige kura. Jibu kwa upole kwamba Biolojia hupima madai kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa, na kwamba mtihani utadai maelezo ya nadharia, si ungamo la imani.

Mzazi akidai uumbaji upewe muda sawa katika Biolojia, mpokee kwa heshima. Marekani imebishania jambo hili tangu kesi ya mwaka 1925 ya Scopes, mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha mageuko, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria ya Louisiana iliyolazimisha usawa wa aina hiyo, kwa kuwa lengo lake lilikuwa la kidini. Hukumu hiyo haitufungi. Sisi tunacho kipindi cha dini, na Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu yana mitihani yake. Kwa hiyo mwonyeshe mzazi muhtasari wa somo na daftari la mwanawe mbele ya mkuu wa shule, na shehe au mchungaji anayetaka kuzungumza na wanafunzi apangiwe kipindi hicho cha dini kwenye ratiba.