Namna ya Kuzuru Majengo ya Kale ya Ujiji na Kigoma kwa Siku Moja

Mgeni anayefika Kigoma kwa treni hushukia katika jengo la kale linalojulikana kuliko yote mjini, yaani stesheni yenyewe, na kwa sababu hiyo wengi huanzia ziara yao hapo, kisha wakaiendea Ujiji alasiri wakiwa wamekwisha kuchoka. Ninashauri utaratibu huo ugeuzwe. Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza, walipoingia Ujiji mwezi Februari 1858, baada ya safari ya zaidi ya miezi 7 kutoka pwani, walikuta biashara ya misafara imekwisha kuota mizizi. Reli ilikuja kufika Kigoma mwaka 1914. Ukianza na mji uliotangulia, utaielewa stesheni vizuri zaidi utakapoifikia.

Panda daladala ya Ujiji asubuhi na mapema, jua likiwa bado halijakali, kisha utembee kwa miguu. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa vichochoro vya Ujiji huwa na tope wakati wa masika. Ni vyema kumtafuta mwenyeji wa mtaa akuongoze, hasa mtu mzima anayejua nyumba ipi ilikuwa ya nani, kwa maana majengo mengi hapa hayana kibao chochote cha maelezo.

Nyumba ya kale ya Ujiji isomwe kuanzia chini kwenda juu. Tazama kwanza msingi na baraza. Ukuta wa udongo, uwe wa fito au wa matofali mabichi, adui yake mkubwa ni maji yanayoupiga kwenye tako. Baraza lililoinuliwa huuweka ukuta mbali na maji yanayotiririka, nayo paa iliyorefushwa juu ya baraza huukinga na mvua ya upepo. Pale lipu ilipobanduka, sogea uangalie kilichomo ndani, kwani hapo ndipo nyumba inapoonyesha ilivyojengwa. Mara nyingi utaona lipu ya saruji iliyopakwa miaka ya karibuni juu ya ukuta wa udongo, nayo imeachana na ukuta kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka. Jambo hili linanisikitisha, kwa kuwa mwenye nyumba alikusudia kuihifadhi.

Kisha tazama mpangilio. Mlango upo katikati, na nyuma yake ukumbi mrefu unakwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vikiwa pande mbili. Ni mpangilio ambao mtu wa Bagamoyo angeutambua mara moja, nao ulisafiri bara pamoja na watu, dini na lugha. Baraza lilimwezesha mwenye nyumba kupokea wageni na kuzungumza biashara bila kuvunja sitara ya waliomo ndani, na katika mji uliopokea misafara hitaji hilo lilikuwa kubwa. Ukikuta mlango wa kuchonga, chunguza miimo, kizingiti cha juu na mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili, kwa maana ndipo fundi alipoweka nakshi zake. Hizi ni nyumba za watu wanaoishi humo: piga hodi, salimu, eleza shida yako, na usipige picha wala kuchungulia ukumbini kabla hujakaribishwa.

Katika eneo la kumbukumbu ya Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, ambapo yeye na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, walikutana mwishoni mwa 1871, jengo la makumbusho halina umri mkubwa na halihitaji muda mwingi kwa anayefuatilia usanifu. Kinachostahili kuzingatiwa ni mahali penyewe. Ufuo wa siku zile haupo ulipo leo, na ukitembea kutoka kwenye mnara hadi majini utatambua kwamba Ujiji ya kale ilipangwa kwa kulielekea ziwa lililokuwa karibu zaidi. Kumbuka pia kwamba misafara iliyoutajirisha mji huu ilibeba pembe za ndovu na ilipeleka watu utumwani; nyumba nzuri za wakati ule haziwezi kutenganishwa na biashara hiyo.

Rudi Kigoma mchana, ushuke Barabara ya Lumumba kwa miguu. Barabara hii inateremka kuielekea stesheni, na mpango huo ni wa makusudi: jengo lilitakiwa lionekane. Wajerumani walilijenga kwa ghorofa, kuta nene na matao, na kwa mtazamo wa kwanza halina undugu wowote na nyumba za Ujiji. Ingia chini ya matao, ukae kidogo. Utaona kwamba yanafanya kazi ileile ya baraza, kuleta kivuli na kuzuia mvua isiupige ukuta. Tofauti ni kwamba baraza la Ujiji humkaribisha mtu akae, ilhali hapa anapitishwa kwenda safarini. Utawala uliojenga hivyo ulitarajia kudumu, lakini mwezi Julai 1916 jeshi la Wabelgiji liliutwaa mji.

Ikulu ndogo, jengo lingine la Wajerumani ambalo watu huliita nyumba ya Kaiser, hutazamwa kwa mbali tu, na kamera ibaki mkobani. Bandarini nako uombe ruhusa kwanza. Meli ya Liemba si jengo, ila ni sehemu ya hadithi ya reli: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Yaliyofuata baadaye, stesheni ikiwa mojawapo, yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yapate ulinzi huo. Kwa hiyo kila nyumba ya Ujiji uliyokaribishwa, andika mtaa wake, vifaa vya ukuta, hali ya paa na mlango, pamoja na tarehe, na umwachie mwenye nyumba nakala ya picha ulizopiga.