Kabla ya Kufuatilia Nasaba za Watumwa wa Mashamba ya Karafuu

Anayetaka kufuatilia ukoo wa watu waliotumikishwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hushawishika kukimbilia kwanza kwenye Nyaraka za Taifa, na humo ndimo wengi hupotea, kwa sababu mtumwa aliandikwa kwa kumtaja aliyemmiliki na wala si kwa ukoo wake. Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari, hakikisha umepata jina la shamba na jina la mwenye shamba, hata kama jina la babu mwenyewe bado hulijui.

Majina hayo yako kwa wazee, na yatapatikana au yatakosekana kutegemea namna unavyouliza. Neno mtumwa lingali tusi, na mjukuu anayemwuliza bibi yake waziwazi kama babu yao alikuwa mtumwa atajibiwa kwamba wao ni wenyeji wa hapo tangu zamani, kisha mazungumzo yatahamia kwenye mvua. Afadhali aulize hivi: "Bibi, mlipokuwa wadogo mlikwenda kuchuma karafuu kwa nani, na wazee wenu wamezikwa wapi?" Swali la makaburi halimvunjii mtu heshima, na jibu lake mara nyingi hutaja shamba, kwa kuwa baada ya kuachwa huru wengi walibaki kwenye ardhi ya mabwana wao wa zamani, wakijenga na kulima kwa masharti ya kupalilia na kuchuma.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni kujua mhusika aliupataje uhuru, kwa kuwa kila njia iliacha karatasi za aina yake. Dikrii, yaani amri ya kisheria, ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumwacha mtu huru papo hapo. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana wake akastahiki fidia, hivyo dai hilo likaingia katika kumbukumbu za serikali. Asiyekwenda hakuandikwa humo, nao hawakuwa wachache. Mapema zaidi, mnamo 1860 na 1861, balozi wa Uingereza Rigby aliwaacha huru maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi wa Zanzibar, na orodha yake ni ya kutafutwa peke yake. Wengine waliachwa huru na mabwana wao kwa kutaka thawabu, na hao hutafutwa katika hati za kadhi na katika wasia.

Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana wao, wana hesabu yao. Dikrii ya 1897 iliwaacha nje, na hawakujumuishwa hadi 1909. Kisheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru akafuata nasaba ya baba, ndiyo maana shajara ya ukoo inaweza kupanda vizazi vingi hadi Oman bila kumtaja hata mara moja mama aliyetoka Nyasa. Katika nasaba za namna hiyo, andaa safu ya akina mama tangu mwanzo, hata kama itakaa tupu.

Majina nayo yanahitaji subira. Mtu mmoja anaweza kuwa Mabruki kwa jirani zake, Mabruk kwa karani wa Kiingereza, na Mubarak katika hati ya kadhi. Mtafutaji anayeng'ang'ania tahajia moja atampita mara mbili. Isitoshe, majina kama Mabruki, Feruzi na Faida walipewa watumwa wengi, kwa hiyo jina bila shamba halithibitishi kitu. Neno la kabila pia lipokelewe kwa tahadhari. Kuitwa Mnyasa kulionyesha zaidi upande mtu alikotekwa au njia aliyopitishwa kuliko lugha ya mama yake, na aliyekuwa mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani hapo hapo pwani, huenda alibandikwa kabila asilowahi kuliona. Baadaye watu walijichagulia wenyewe: kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiita Waswahili ilishuka mno, hali watu ni wale wale.

Vipimo vya vinasaba vina nafasi yake, lakini vitakupa eneo na binamu wa mbali. Jina la shamba havilijui.

Jiandae pia kwa maandishi yenyewe. Hati nyingi za zamani ziko kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na tarehe zake ni za Hijria, ambapo Aprili 1897 inaangukia mwaka 1314. Tafuta mapema msomaji wa khati hizo. Ujue kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu, na familia nyingi za wenye mashamba ziliondoka, baadhi zikiwa na makasha yao ya hati, kwa hiyo swali lako huenda likalazimika kufika Muscat. Huko utamwandikia mjukuu wa mwenye shamba, ambaye naye ana yake ya kuona haya. Mtajie shamba na mwaka, mweleze kinaga ubaga unamtafuta nani, na umwombe nakala tu.