Kutuliza Kibofu Chenye Haraka kwa Mazoezi ya Misuli ya Nyonga

Mtu anayebanwa na mkojo ghafla, anayekwenda haja ndogo mara 8 au zaidi kwa siku na kuamshwa usiku, mara nyingi hukimbilia kupunguza maji ya kunywa. Katika joto la Lindi na Mtwara hilo ni kosa maradufu, kwani mkojo uliokolea hukiwasha kibofu na kukizidishia haraka. Kinachofaa kupunguzwa ni chai ya majani, kahawa na soda za kola, hasa jioni.

Kwanza pima mkojo na sukari. Kichocho, maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari huleta dalili zinazofanana na hizi, na mkojo wenye damu hautibiwi kwa mazoezi. Mwanamke anayevuja mkojo mfululizo tangu ajifungue achunguzwe fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo ukeni. Majibu yakiwa salama, ulizia huduma ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) katika hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi.

Lala chali, magoti ukiwa umeyakunja, kisha kaza misuli kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ukiivuta ndani na juu bila kubana makalio wala pumzi. Shikilia sekunde 5, kisha ilegeze kabisa kwa muda kama huo au zaidi, kwa maana misuli isiyojua kulegea haina msaada. Rudia mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, kwa miezi 3 hivi. Usifanye zoezi hili huku unakojoa.

Kazi yenyewe huonekana pale unapokinga ndoo bombani, na mlio wa maji peke yake ukatosha kukubana. Usikimbie. Simama tuli au keti, kaza na kulegeza harakaharaka mara 5 au 6 huku ukipumua taratibu. Kukaza huko hukipelekea kibofu ishara ya kutulia, na wimbi la haja hushuka. Likishashuka ndipo utembee kwenda chooni, au, ukiweza, usubiri kidogo. Muda kati ya safari moja na nyingine uongezwe kwa dakika 15 kila wiki, hadi ufikie saa 3 au 4.

Kwenda chooni kwa tahadhari tu hukizoesha kibofu kudai kabla hakijajaa, ila kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam nenda tu.